Cheng Fei ndiye mkubwa wao, na sihesabu medali

Mjadala wa jimnastiki ya China ukianza, majina huja yaleyale. Upande wa wanaume ni Li Ning, na hapo hakuna ubishi mkubwa. Upande wa wanawake watu hufungua orodha ya dhahabu za Olimpiki za mchezaji mmoja mmoja na kuanza kusoma: Ma Yanhong mwaka 1984, Lu Li 1992, Liu Xuan 2000, He Kexin 2008, Deng Linlin 2012, Guan Chenchen kwenye Michezo ya Tokyo. Cheng Fei hayumo. Hana dhahabu ya Olimpiki aliyoitwaa peke yake, wala fedha. Ana shaba mbili, na dhahabu moja ya timu aliyogawana na wenzake watano.

Mimi nasema ndiye mkubwa wao wote, na sisemi hivyo kwa kumwonea huruma.

Isome tena ile orodha, safari hii uangalie kila mmoja alishinda kwenye kifaa gani. Ma, Lu na He ni vyuma viwili, kimoja juu na kingine chini. Liu, Deng na Guan ni boriti, ule mti mwembamba wanaochezea juu yake. Basi. Tangu China irudi kwenye Olimpiki za kiangazi hadi Paris 2024, hakuna mwanamke wake hata mmoja aliyetwaa dhahabu kwenye meza ya kuruka wala kwenye zulia, pale wanaporuka sarakasi sakafuni. Miaka arobaini, vifaa vinne, na dhahabu zote zimelala upande mmoja. Huko Paris nako ilikuwa vilevile: Qiu Qiyuan fedha ya vyuma, Zhou Yaqin fedha ya boriti.

Hiyo ni matunda ya malezi. Vyuma na boriti vinataka wepesi, mstari mzuri wa mwili, na kurudia kitu kilekile mpaka kikae kwenye mifupa. Meza na zulia vinataka miguu. Vinataka mtu akimbie kwa nguvu, apige ubao kwa kishindo, apae, halafu asimamishe uzito wote ule kwa vifundo viwili. China kwa muda mrefu ililea wasichana wa aina ya kwanza na kuwaachia Warusi, Waromania na Wamarekani aina ya pili. Ukitaka kuelewa Cheng Fei alifanya nini, anzia hapo: alitoka kwenye nchi ambayo wasichana wake walijulikana kwa kila kitu isipokuwa kile alichokuja kukitawala yeye.

Na kulikuwa na kivuli kingine. Julai 1998, kwenye Michezo ya Nia Njema huko New York, Sang Lan, mmoja wa warukaji wa meza bora wa China, alikuwa akipasha mwili moto kabla ya shindano. Ulikuwa mruko wa kawaida, si ule wa kushindania. Alitua kwa kichwa, shingo ikavunjika, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini akiwa na umri wa miaka 17. Baada ya hapo, mzazi wa Kichina aliyempeleka binti yake kwenye shule ya michezo alijua fika meza ile inaweza kufanya nini.

Cheng alizaliwa Mei 29, 1988 huko Huangshi, mji wa migodi na viwanda vya chuma kando ya mto Yangtze, mkoa wa Hubei. Alipitia njia wanayopitia karibu wote: mtoto anaonekana ana kipaji, anahamia shule ya michezo mbali na nyumbani, akifaulu anapanda timu ya mkoa, akifaulu tena anaitwa Beijing. Sina sababu ya kuusifu mfumo huo. Unachukua utoto wa wengi ili upate bingwa mmoja, na wale wasiofika hatusikii habari zao. Lakini ndio uliomtoa.

Athens 2004 hakwenda, ingawa umri ulikuwa umetimia. Timu ya wanawake ya China ilimaliza ya saba kule, aibu kubwa kwa nchi iliyokuwa ikijiandaa kuwa mwenyeji miaka minne baadaye. Ilikuwa wazi tatizo liko wapi: bila miguu huwezi kushinda shindano la timu, kwa sababu pointi za meza na zulia ni nusu ya hesabu. Walihitaji mtu wa kuruka. Mwaka mmoja baadaye wakampata.

Novemba 2005, Melbourne, mashindano ya dunia. Hapa naomba nikae kidogo, maana mruko wenyewe huisha kabla hujajua umeona nini.

Njia ya kukimbilia haizidi mita 25. Cheng anakimbia moja kwa moja, na akikaribia ubao wenye springi anatupa mikono chini, anapinduka kiubavu, miguu yote miwili inatua ubaoni pamoja huku mgongo wake ukiielekea meza. Mtindo huu wa kuingia umepewa jina la Natalia Yurchenko, Msovieti aliyeuleta miaka ya mwanzo ya 1980. Wengi wakishaingia hivi huendelea kinyumenyume: mikono inagusa meza, mwili unajipindua kwa nyuma na kuzunguka. Cheng akafanya jingine. Katikati ya ubao na meza, ambapo hakuna hata sekunde nzima, akajigeuza nusu duara hewani, mikono ikaifikia meza akiwa sasa anaelekea mbele. Meza ina urefu wa sentimita 125 kutoka chini. Akajisukuma, akapiga kichwangomba cha kwenda mbele mwili ukiwa umenyooka kuanzia mabega hadi vidole vya miguu, bila kukunja goti wala kiuno, na ndani ya kichwangomba hichohicho akajizungusha mara moja na nusu. Anapotua, anaitazama meza aliyotoka.

Kwa maneno mengine, mtu anaanza kwa kwenda nyuma, anabadilisha mawazo angani na kwenda mbele, halafu anamaliza akiwa ametazama nyuma. Ugumu wake mkubwa umo kwenye ile nusu duara ya kwanza. Ukichelewa kidogo, mikono inafika mezani ikiwa imepinda, msukumo unapotea, na huko juu hakuna tena nafasi ya kurekebisha. Ukiwahi sana, mwendo wa mbele unakufa. Ni kosa la aina hiyo, sehemu ndogo ya sekunde, linaloweza kumfanya mtu atue kwa kitu kingine badala ya miguu.

Aliutua. Akawa mwanamke wa kwanza wa China kuwa bingwa wa dunia wa meza. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, mtindo mpya ukiwasilishwa mapema kwa waamuzi na kufanikishwa kwenye mashindano makubwa, unapewa jina la aliyeufanya. Kwenye kitabu cha alama mruko huo unaitwa Cheng.

Mwaka uliofuata, Aarhus, Denmark, alitwaa meza tena, akatwaa na zulia, na timu ya wanawake ya China ikapata ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Dhahabu tatu ndani ya ukumbi mmoja, mbili kati yake kwenye vifaa ambavyo China ilikuwa imevikatia tamaa. Stuttgart 2007 akachukua meza kwa mara ya tatu mfululizo. Kwa hiyo alipofika Beijing 2008 watu hawakujiuliza kama atashinda meza. Walijiuliza nani atakuwa wa pili.

Nataka kuzungumzia Beijing kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayotumika kumshusha.

Agosti 13 timu ilishinda. China pointi 188.900, Marekani 186.525, Romania ikawa ya tatu kwa mbali. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya timu ya wanawake wa China kwenye Olimpiki, na nahodha alikuwa Cheng, mwenye miaka 20, dada mkubwa wa kundi. Wenzake walikuwa wadogo kiasi kwamba dunia nzima iliuliza kama wote wamefikisha miaka 16 inayotakiwa. Maswali yalimhusu zaidi He Kexin. Shirikisho lilichunguza, na Oktoba likatangaza kwamba nyaraka za timu ya 2008 ziko sawa. Wasiwasi haukuwa wa bure, kwa sababu mwaka 2010 China ilivuliwa shaba ya timu ya Sydney 2000 baada ya kuthibitika kwamba Dong Fangxiao alikuwa chini ya umri. Siwezi kumlaumu mtu aliyeshuku. Lakini kuhusu Cheng hakuna aliyeuliza, na ni yeye aliyeibeba timu ile tangu Aarhus.

Kisha ikaja Agosti 17. Siku hiyo Afrika Mashariki macho yetu yalikuwa barabarani: asubuhi Catherine Ndereba alikuwa amepata fedha ya marathoni ya wanawake katika mji huohuo. Jioni, kwenye Ukumbi wa Taifa wa Ndani, fainali ya meza. Siku tisa nyuma Li Ning alikuwa ameninginia kwa kamba juu ya uwanja mkuu, akikimbia hewani kwenda kuwasha mwenge. Kwa Wachina picha ile ilibeba mengi, kwa sababu Li Ning huyohuyo, aliyerudi na medali sita kutoka Los Angeles 1984, alianguka Seoul 1988 na kurudi nyumbani kushutumiwa vikali na watu waliokuwa wakimwabudu. Alikuja kusamehewa, lakini miaka ishirini ilikuwa imepita. Kila mchezaji wa jimnastiki wa China anaijua hadithi ile. Cheng alizaliwa mwaka uleule wa Seoul.

Mruko wake wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili alitua kwa magoti. Kwenye ukumbi wa nyumbani, kifaa chake mwenyewe, bingwa wa dunia mara tatu, magoti chini.

Hesabu ilipotoka, Hong Un Jong wa Korea Kaskazini alikuwa wa kwanza kwa wastani wa 15.650. Oksana Chusovitina akawa wa pili kwa 15.575. Huyu mama alikuwa na miaka 33, akiichezea Ujerumani, nchi iliyompokea alipompeleka mwanawe kutibiwa saratani ya damu huko Cologne. Habari yake ingetosha makala nzima. Wa tatu Cheng, 15.562. Wa nne Alicia Sacramone wa Marekani, 15.537, ambaye alitua kwa miguu mara zote mbili.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mtu ameanguka magoti, anapewa medali, na aliyesimama anaambiwa ni wa nne? Tofauti ni pointi 0.025! Wamarekani walilalamika na bado wanalalamika. Nimesoma mara nyingi kwamba shaba ile ilikuwa zawadi ya mwenyeji.

Kwanza, waamuzi hawakuhitaji kumpendelea, kanuni iliwatosha. Mfumo ulioanza 2006, baada ya ile alama kamili ya kumi kuondolewa, ulitenganisha ugumu na ubora. Cheng alileta miruko migumu kuliko ya Sacramone, na adhabu ya kuanguka wakati ule ilikuwa pointi 0.8. Ukigawa kwa mbili, kwa kuwa fainali ya meza ni wastani wa miruko miwili, anguko lilimgharimu 0.4. Ugumu wake ukaifidia.

Pili, na hapa sitamtetea kipofu, kanuni yenyewe ilikuwa legevu. Kuanzia 2009 adhabu ya kuanguka ilipandishwa hadi pointi 1.0. Fanya hesabu hiyo kwa fainali ya Beijing: wastani wa Cheng unashuka hadi 15.462, Sacramone anapanda jukwaani. Kwa hiyo anayesema shaba ile ilikuwa halali yuko sawa, na anayesema mchezo ulijua baadaye kwamba haikukaa vizuri yuko sawa pia. Anayesema iliibwa ndiye sikubaliani naye. Sacramone mwenyewe alikuja kuwa bingwa wa dunia wa meza mwaka 2010, na nilifurahi.

Jioni ileile Cheng akaingia kwenye fainali ya zulia na kuanguka tena. Wa saba. Ningekuwa mimi ningefunga virago nikalale nyumbani kwetu. Yeye siku mbili baadaye alipanda boriti, kifaa ambacho hakuwahi kuwa maarufu kwacho, na kupata shaba nyuma ya Shawn Johnson na Nastia Liukin. Watu huipita medali hiyo haraka. Kwangu mimi ndiyo medali yake kubwa ya Beijing, kubwa kuliko ile ya timu. Boriti ina upana wa sentimita kumi tu na haina huruma na kichwa chenye mawazo. Ukipanda ukiwa bado unawaza magoti ya juzi, umekwisha. (Johnson, kwa taarifa yenu, alikuwa akifundishwa na Liang Chow, Mchina aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya China kabla ya kuhamia Iowa. Kwa hiyo malezi ya China yalikuwa kwenye dhahabu na kwenye shaba.)

Yaliyofuata ni mafupi na si mazuri. Majeraha yakamwandama, akaendelea kujaribu, na mwaka 2011 kano ya kisigino ikakatika wakati akilenga London. Kwa mtu anayeishi kwa miguu, kisigino ndiyo kazi yenyewe. London 2012 timu ya wanawake ya China ilikwenda bila yeye na kumaliza ya nne. Alistaafu, akabaki kwenye michezo huko kwao Hubei, upande wa chuo na ufundishaji mjini Wuhan. Hakuanzisha kampuni ya viatu kama Li Ning, hakuwa nyota wa filamu. Wachezaji wengi wa China wakimaliza huishia hivyo, na wale wenye bahati ndio hupata hata hiyo nafasi ya kufundisha.

Sasa tuje kwenye sababu yangu halisi.

Rio 2016, Simone Biles alitwaa dhahabu ya meza. Mmoja kati ya miruko yake miwili ulikuwa Cheng. Tokyo, Agosti 2021, Rebeca Andrade akawa Mbrazili wa kwanza mwanamke kutwaa dhahabu ya jimnastiki ya Olimpiki, kwenye meza. Mmoja kati ya miruko yake ulikuwa Cheng. Paris, Agosti 3, 2024, Biles dhahabu na Andrade fedha. Wote wawili walifanya Cheng. Olimpiki tatu mfululizo, hakuna aliyetwaa dhahabu ya meza ya wanawake bila kupitia kwa binti wa Huangshi, na watangazaji wengi wanalitamka jina hilo haraka kana kwamba ni jina la kifaa.

Ndiyo maana orodha ya dhahabu hainishawishi. Guan Chenchen alikuwa mzuri sana Tokyo, na dhahabu yake hakuna wa kumnyang'anya. Lakini ukimwondoa kwenye historia, boriti inabaki boriti ileile. Ukimwondoa Cheng, meza ya wanawake ya miaka ishirini iliyopita inabidi uiandike upya. Alipoufanya Melbourne ulikuwa mruko wa mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu. Baadaye ukawa kipimo: huna Cheng au mwenzake wa kiwango hicho, usizungumzie dhahabu.

Wakubwa wa kitabu cha alama nao wameuona. Mwaka 2008 ugumu wake ulihesabiwa 6.5. Wakati wa Paris ulikuwa umeshushwa hadi 5.6. Alama za miruko mingi zimeshushwa, si huu peke yake, na sababu inaeleweka: wanataka kupunguza pengo kati ya wenye nguvu za miguu na wengine. Naona wamevuka mipaka. Mruko wenye hatari ile unastahili malipo yanayolingana nayo, la sivyo vijana watajiuliza kwa nini wahangaike. Kwa China swali hilo ni zito zaidi, kwa sababu tangu 2007 haijapata tena bingwa wa dunia wa meza upande wa wanawake. Imerudi kwenye vyuma na boriti, kule ilikozoea.

Anayetaka kubishana nami aanze kwa kutazama. Tafuta kwanza ule wa Andrade wa Paris, uliopewa 15.100, juu ya 14.900 aliyopata Biles kwa mruko huohuo siku hiyo. Uangalie polepole, hasa ile nusu duara kabla ya meza. Kisha tafuta wa Melbourne 2005, halafu uje hapa chini uniambie nani unamweka juu yake.